Nazi za Dada Yangu Ndani ya Nyumba ya Magurudumu

Mwanangu alinifanya hakimu kwa maneno machache. Alikuja asubuhi, akakaa kwenye kile kigoda changu cha jikoni ambacho kimekuwa kidogo kwake tangu aote ndevu, akasema, "Mama, enda na huyu binti yangu. Lala siku tatu ndani ya hicho kibanda chake. Ukirudi ukaniambia kinafaa, mimi nanyamaza. Ukirudi ukaniambia hakifai, kinauzwa Mariakani."

Kibanda alichokisema ni nyumba ndogo ya bati jeupe yenye magurudumu mawili, inayovutwa na gari. Wenyewe huiita trela, ingawa mimi nikisikia trela huona lile la kubeba makontena. Mjukuu wangu, binti wa huyo mwanangu, aliinunua kwa mzungu mmoja mzee aliyekuwa anarudi kwao. Akaacha na kazi ya hoteli kule Watamu. Alitaka awe anawapeleka watu bara, mahali pasipo stima wala mfereji, walale huko siku mbili tatu waone nchi ilivyo. Familia moja ya Mombasa ilikuwa imeshamwomba. Babake aliposikia kwamba mtu ameacha mshahara ili avute nyumba barabarani, alikaa siku mbili hasemi na mtu. Siku ya tatu akaja na mnunuzi: bwana wa Mariakani, pale malori yanapopumzika, aliyetaka kung'oa yale magurudumu akaangie viazi humo ndani.

Viazi! Mtoto amejinyima miaka, aje mtu amwagie mafuta.

Lakini nilinyamaza, maana nilikuwa hakimu.

Mimi sikusoma. Darasa la tatu nilitolewa nikalee wadogo zangu. Ila mambo ya kuvuta mzigo usinifundishe. Marehemu mume wangu na mimi tuliuza maji Malindi kwa mkokoteni, mimi na mimba na bila mimba, jua na mvua. Siku moja katika zile za mwanzo tulipakia mitungi yote nyuma kwa sababu nyuma ndiko kulikokuwa karibu na mfereji. Mume wangu akaingia katikati ya ile mikono ya mkokoteni, akaikamata avute. Mkokoteni ukakaa kitako. Mikono ikaenda juu, naye yumo, miguu inaning'inia kama kuku wa sokoni. Watu walicheka mpaka wengine wakasahau foleni yao. Tangu siku hiyo nikajua: mzigo mzito ukae juu ya ekseli, pale penye magurudumu, na ulalie mbele kidogo, mvutaji ausikie mkononi. Nimeisimulia hadithi hiyo miaka na miaka. Watu wa nyumbani huimaliza kabla yangu.

Kwa hiyo siku ya kuondoka, pale kwetu Gede, nilisimama uani na leso yangu kiunoni nikamkagua mjukuu kama askari wa barabarani. Alirudisha pikapu nyuma polepole mpaka kile kinundu cha chuma cha nyuma yake kikawa chini ya pua ya trela, ile ncha ya mbele inayoshikwa na gari. Akaishusha pua ikaingia. Akaifunga, kisha akaipandisha tena kwa jeki aone kama imeng'ang'ania kweli. Ilinyanyua na nyuma ya gari. Akapitisha minyororo miwili kwa chini, ikapishana.

"Mbona inapishana?" nikamwuliza.

"Ikichomoka, Hawe, pua iangukie juu ya minyororo, isichimbe lami."

Hawe ni bibi, kwa sisi Wagiriama. Nilitikisa kichwa kumkubali lakini sikumsifu. Akachomeka waya wa taa, akanituma nyuma nitazame. Nikawa napiga kelele mtaa mzima usikie: "Kulia inawaka! Kushoto inawaka! Breki haiwaki! Aa, imewaka!" Akapima upepo wa magurudumu yote, na la akiba. Akafunga gesi. Akapanga vitu ndani, maji na magunia ya chakula katikati, vyepesi pembeni. Halafu akaja mbele akanionyesha jinsi pua inavyolalia gari, si sana, si kidogo.

"Kama mkokoteni wa babu," akasema.

"Nani alikuambia?"

"Wewe. Mara mia."

Basi mimi nikaingia nyumbani mwangu mwa magurudumu, nikavua viatu, nikapanda kitandani. Kitanda chenyewe kizuri, kiko nyuma, chini ya dirisha. Nikaona nitasafiri nimelala, kama mke wa waziri.

Mlango ukafunguliwa. "Hawe, shuka."

"Nishuke niende wapi? Nyumba si nyumba? Kitanda si kitanda?"

"Ikisimama ni nyumba. Ikitembea ni mzigo, na mzigo haukaliwi na mtu."

"Wewe mke mwenzangu una roho mbaya," nikamwambia, kwa maana huo ndio utani wetu; mjukuu wa kike ni mke mwenza, twagombea mume mmoja ambaye ameshakufa. "Wataka nikae mbele nipigwe na jua, wewe ubaki mweupe."

"Mume mwenyewe alikupenda ukiwa mweusi. Shuka, funga mkanda."

Nikashuka.

Tulipita Kilifi, tukavuka daraja, tukafika Mavueni tukakata kuelekea Kaloleni. Njia nzima alikwenda mwendo ambao bodaboda zilitupita zikitucheka. Mbele ya kila tuta alipunguza mapema. Akikata kona aliichukua kwa upana, maana nyumba nyuma yetu ilitaka kupita ndani zaidi. Watu wakituona walisimama kando ya njia. Mama mmoja mwenye beseni la maembe alipiga kelele, "Mwahama na nyumba yenu?" Nikamjibu kwa dirishani, "Twahama na yako ukichelewa kuifunga!" Nilianza kufurahi, nasema kweli.

Tulikokwenda ni kwa dada yangu mkubwa, mbele ya Kaloleni, ambako barabara ya murami, ile ya changarawe nyekundu, inaisha na njia ya udongo inaanza. Hapo hakuna nguzo ya stima hata moja. Dada yangu alitoka nje akashika kiuno.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nini hiyo mmeniletea, kopo?"

"Ni nyumba."

"Mimi naona kopo la maziwa. Umezeeka pwani huko, wametafuta kopo wakakutia."

Tukacheka sote watatu, na mjukuu akaanza kazi. Alichagua mahali palipoinuka, penye mikorosho upande wa jioni, mbali na lile bonde linalopitisha maji mvua ikija. Kabla hajafungua chochote aliweka mawe mbele na nyuma ya kila gurudumu. Nilimwuliza kwa nini asifungue kwanza gari likapumzike, akasema wapo waliofungua kwanza wakaitazama nyumba inawaaga. Kisha akawa anatafuta kifaa chake cha kupimia usawa, hakioni. Nikaingia ndani nikaweka sinia la maji katikati ya sakafu.

"Teremsha kushoto," nikamwambia. "Bado. Bado. Hapo."

Maji yalilala sawa bin sawa. Kile kifaa hakijaonekana mpaka leo.

Siku tatu hizo nimezihifadhi. Asubuhi alitoa bamba la sola akaliweka juani, na mimi nikalichukua kama kazi yangu, nikawa naligeuza kila jua linaposogea, jinsi ninavyogeuza mahindi ya kuanika. Jioni taa ziliwaka, kifriji kikanguruma, na dada yangu akawa anasogea sogea na kiti chake kuja mlangoni, huku akisema hajali. Siku ya pili alichaji simu yake. Siku ya tatu alichaji za majirani wote na kuwaambia kwamba nyumba ni ya mdogo wake.

Juu ya maji mwalimu nilikuwa mimi. Mjukuu alikuwa amechora alama kwenye tangi, alama moja kila siku, na ile ya kwanza aliipita kabla ya chakula cha mchana kwa kuosha masufuria kama yuko hotelini. Nikamwonyesha. Sufuria lipanguswe kwanza kwa jani, lioshwe kwa bakuli moja, lisuuzwe kwa kikombe. Maji ya kusuuzia ndiyo yaoshe sahani. Ya sahani yanawishe miguu. Ya miguu yaende kwenye mche wa mpapai wa dada yangu. Siku ya pili alama ilibaki juu.

Yeye naye alinifundisha. Asubuhi moja ilinyesha manyunyu, nikabeba jiko la makaa niliweke ndani tupate joto. Alinizuia mlangoni, mikono ameifungua kama golikipa. "Humo hamuingii makaa, Hawe. Chumba ni kidogo, tutalala tusiamke." Nilikasirika. Kisha nikakumbuka jirani mmoja wa zamani na wanawe, nikalirudisha jiko nje bila kusema. Choo tulichimba mbali, kila mtu na kopo lake la majivu. Takataka zote zilitiwa mfuko mmoja wa kurudi nao Gede. Mahali tulipokuwa hapakubaki hata ganda la yai.

Basi mimi hukumu yangu nilikuwa nayo tayari siku ya pili. Kinafaa. Nilikuwa napanga tu nitaisemaje, nimeketi wapi, mwanangu amesimama wapi.

Ilipofika asubuhi ya kuondoka, mjukuu alifunga trela kwa pikapu, akakagua kila kitu kama mara ya kwanza, akapima pua kwa mikono, akaridhika. Akaniambia, "Hawe, sasa hakuna kinachoingia humu bila mimi kujua. Hata kijiko." Kisha akaenda kumuaga mama wa nyumba ya pili, aliyetuongezea maji.

Hapo ndipo dada yangu alipotoka nyuma ya nyumba na vijana wake wawili, kila mmoja na gunia la nazi begani. Nazi zimefuliwa makumbi, kwa hiyo ni uzito mtupu.

Kwetu sisi mtu akija kukuona humwachi aende mikono mitupu. Na anayepewa hakatai. Hata akiwa na baiskeli, hata akiwa na mguu mbovu, atapokea kisha ahangaike nacho mbele huko. Nilijaribu, Mungu shahidi. Nikasema, "Dada, mtoto amekwisha kupanga, tutachukua chache."

Akanitazama vile alivyonitazama tulipokuwa watoto nikimwaga uji. "Chache? Nazi zangu hazilingani na kopo lenu?"

"Sikusema hivyo."

"Zamani ulikuwa wazibeba kichwani kutoka hapa mpaka Kaloleni. Sasa una gari na nyumba, ndiyo wanihesabia?"

Ningesemaje? Mimi mwenyewe nimewahi kumnunia mtu mwaka mzima kwa kuacha mkungu wangu wa ndizi. Nikawaambia wale vijana watie. Wakauliza wapi. Kuna mlango mdogo wa nyuma kabisa, chini ya kitanda changu, na ndani yake mjukuu alikuwa ameacha nafasi tupu. Ulikuwa karibu na walipokuwa wamesimama. Nikasema, "Humo."

Wakatia. Nikafunga. Nilijua mjukuu atakataa, na akikataa mbele ya dada yangu itakuwa fedheha. Nikajiambia nitamwambia njiani. Aliporudi aliniuliza, "Tayari?" Nikasema tayari. Ule mkokoteni uliompeleka mume wangu hewani haukunijia akilini hata kidogo. Akilini nilikuwa na uso wa dada yangu tu.

Njia ya udongo na ile ya murami tulizipita salama kwa sababu tulikwenda kama konokono. Tulipofika kwenye lami, ukaanza ule mteremko wa kurudi Mavueni. Mwendo ukaongezeka kidogo, na mimi nikawa natafuta maneno ya kumwambia. Mara nikasikia kitu kimenivuta mgongo kulia. Kisha kushoto. Nikaangalia kwenye kioo cha pembeni, nikaiona nyumba yetu yatikisa makalio kama mcheza ngoma. Kila ikitikisa inazidi. Pikapu nalo likaanza kufuata.

"Kanyaga breki!" nikapiga kelele.

"Siwezi, Hawe. Litatusukuma."

Sauti yake ilikuwa ya chini. Mikono ilikuwa imekamata usukani katikati, haipeleki huku wala huku. Mguu ameuondoa kwenye mafuta. Mbele yetu lilikuja lori la mchanga likipiga honi, upana wote wa barabara ukawa mdogo. Mjukuu hakuhangaika na honi. Aliliacha gari lichoke lenyewe. Lori likapita na upepo wake, trela likatikisika mara nyingine tatu, mbili, moja, likatulia. Akatoka barabarani polepole, akasimama kwenye majani.

Alizima gari. Kisha akashuka, akaweka mawe kwenye magurudumu, maana hata baada ya hayo yote hasahau mawe. Akaanza kutafuta kosa. Alipapasa tairi moja moja. Akalala chini na nguo yake safi akashika kila nati. Akarudi mbele akaitazama pua, akasema, "Inanyanyuka. Mbona inanyanyuka? Niliipima." Akaipima tena kwa macho. Halafu akakaa juu ya jiwe na udongo mgongoni.

"Huenda Baba ana haki," akasema. "Nimepima kwa mikono yangu na bado sijui kosa liko wapi. Hao watu wa Mombasa wana watoto wadogo. Nitamwambia auze."

Nimezaa saba, nimezika wawili, nimemzika na mume. Sikumbuki mara nyingine kinywa changu kilikuwa kizito hivyo. Nilishuka, nikaenda nyuma, nikafungua kile kimlango.

Akaja akachungulia.

"Nini hizi?"

"Nazi."

"Za nani?"

"Za dada yangu. Zangu. Niliziweka mimi."

Alizitazama. Akanitazama mimi. Nilingoja matusi, ningeyapokea. Akasema, "Mke mwenzangu, kama wamtaka mume peke yako ungesema tu. Huna haja ya kuniua."

Nikacheka, na machozi yananitoka, na yeye akaegemea trela akacheka mpaka akakohoa. Kisha tulizitoa. Magunia hatukuweza kuyainua, kwa hiyo tulizibeba kwa leso, mafungu kwa mafungu. Nusu tulitia kwenye pikapu, karibu na viti vyetu. Nusu tulizipanga chini sakafuni, juu kabisa ya magurudumu, tukazizuia kwa magodoro. Alipomaliza, pua ililala kwenye gari kama mwanzo. Tuliteremka mpaka Mavueni, tukavuka daraja, tukarudi Gede, na nyumba ikatufuata kama mbuzi aliyezoea kamba.

Mwanangu alikuwa amesimama uani kabla hatujazima gari. Yeye na yule dereva wa lori la mchanga wanajuana tangu utoto. Dereva alikuwa ameshapiga simu.

"Nimeambiwa liliyumba," akasema. Hakuwa akinitazama mimi. Alimtazama binti yake.

"Liliyumba, Baba."

"Kwa nini?"

Mjukuu akainamisha kichwa. "Mzigo haukukaa vizuri."

Hakuongeza neno. Hakunitaja. Angeacha babake auze ile nyumba kuliko kumtia bibi yake aibuni mbele ya mwanawe, na nikaona kwamba tukimwacha hivyo tu, jioni ile ile yule bwana wa Mariakani angepigiwa simu. Na mimi ningebaki na hadithi yangu ya mkokoteni, msafi, natafuta wa kumsimulia.

"Mzigo niliuweka mimi," nikasema.

"Mama?"

"Magunia mawili ya nazi, nyuma kabisa, kwa siri, baada ya yeye kukagua. Dada alinipa nikashindwa kukataa. Alikuwa ameniambia hata kijiko kisiingie. Mimi, niliyemning'iniza babako hewani kwa mitungi ya maji. Ningekuwa mimi nimeshika usukani, ningekanyaga breki, na sasa mngekuwa mwatafuta jeneza. Yeye hakukanyaga." Nikavuta pumzi. "Uliniuliza kama kinafaa. Kinafaa. Na huyo anayekivuta anafaa kuliko mimi na wewe. Sasa toa hizo nazi, mgongo waniuma."

Mwanangu alifungua mlango wa trela, akaziona nazi zimepangwa juu ya magurudumu, akapiga sakafu kwa kiganja hapo zilipokuwa. Akatoka. Akaenda mbele, akachuchumaa penye pua, akainua ule mnyororo mmoja mkononi akaupima uzito.

"Hii minyororo," akamwuliza binti yake, "yapita juu au chini?"

"Chini, Baba. Na ipishane."

"Nionyeshe."

Nikawaacha hapo, nikachukua nazi mbili nikaingia jikoni. Mbuzi ya kukunia ilikuwa mahali pake, nikaketi juu yake. Kutoka huko nilimsikia mwanangu akiuliza tena kwa nini inapishana, na mjukuu akimweleza bila haraka.